Siku Tulipofuata Nyayo za Video

Simu za wanafunzi zilikuwa zinashinda kwangu. Shule hairuhusu simu, wazazi hawataki mtoto atembee bila simu, na mimi nina kibanda cha kuchajia kando ya geti, paneli mbili za sola juu ya bati. Basi ikawa hivyo, bila mtu kuitisha kikao. Asubuhi wanapita na kunikabidhi, nabandika kipande cha plasta chenye jina, nazipanga kwenye kreti la soda. Wakitoka darasani wanakuja mbio kama ndama waliofungwa kutwa.

Mimi niliishia darasa la saba. Nasema mapema ili msomaji asinidai zaidi ya nilichonacho. Nina tabia ya kuandika mambo ya siku kwenye daftari, na mara nyingi nikirudia kusoma nashangaa, maana kichwa changu kinakumbuka vingine. Pale vinapogombana nitasema.

Shule yenyewe ni ya kata, ipo kati ya Kasoli na Bariadi mjini, na miaka ile kila kitu kwetu kilikuwa na wauzaji wengi. Pamba, ambayo baba zetu waliipeleka chama cha ushirika na kusubiri, sasa ilikuwa inagombewa na makampuni, kila moja na mzani wake na kofia zake za bure. Laini za simu vivyo hivyo: vijana wenye miavuli ya rangi wanakusajili ukiwa njiani kwenda kusaga. Jirani yangu mmoja alikuwa na laini za kila rangi na hana simu. Halafu zikaingia simu janja za bei ya mbuzi, na mkulima akiuza pamba vizuri anarudi na bati, godoro na simu. Sisemi ilikuwa vibaya. Mimi hali hiyo ndiyo iliyonipa kazi.

Mkuu wa shule akaambiwa kutoka juu aunde kamati ya usalama wa wanafunzi mtandaoni. Walitakiwa wazazi, mwalimu, mtu wa dini, na "mdau wa teknolojia." Mdau wa teknolojia nikawa mimi.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi nachomeka waya tu."

"Mama, kwa hapa tulipo hakuna aliye karibu na umeme kuliko wewe."

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee tuliyemwita Kamanda. Aliongoza sungusungu miaka ambayo mtu ulilala na ng'ombe na kuamka na kamba, na ingawa siku zile zilikuwa zimepita, cheo kilibaki kimemng'ang'ania kama kupe. Koti refu, fimbo, sauti ya kuita ng'ombe upande wa pili wa mto. Msimu ule naye alikuwa amenunua simu janja, na mimi ndiye niliyemfundisha kuitumia, kazi ambayo siwezi kumtakia mtu. Kidole chake kimoja kilifunika herufi tatu kwa mpigo. Kwenye wasifu wake alitaka picha ya dume lake jeupe, si sura yake. "Mimi watu wananijua," alisema. "Huyu ndiye hawajamwona vizuri." Nikampiga picha dume.

Kikao cha kwanza mkuu wa shule alitusomesha. Usimpe mtu nywila yako. Usitume picha ya mtu bila ruhusa yake. Ukitukanwa usijibu, toa taarifa. Nataka kuwa mkweli: yalikuwa maneno mazuri, na kama tungeyafuata nisingekuwa na cha kuandika.

"Hii nywila," Kamanda akauliza, "ni kama komeo la zizi?"

"Hasa, mzee."

"Basi endelea. Nimeelewa."

Tukanywa chai tukatawanyika, tukiamini tumeshamaliza.

Kulikuwa na msichana wa kidato cha tatu, binti wa mdogo wake Kamanda. Yeye hakuwa na simu, lakini kila asubuhi alikata kona mpaka kibandani kwangu kunisalimu, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, kisha anakimbilia kengele. Sikuwahi kujua kwa nini ananisalimu. Labda kwa sababu nilikuwa njiani. Darasani, nilivyosikia, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alipenda Jiografia na alisema atakuwa mtu wa kupima ardhi.

Wiki moja hakupita. Wiki hiyohiyo kreti langu likaanza kutetemeka.

Simu moja ikitetemeka ni sauti ya nzi. Zikitetemeka zote ni mzinga. Kreti lilisogea lenyewe juu ya meza mpaka nikalishika lisidondoke. Mimi sifungui simu za watu, na kioo kikiwaka mbele yako ni kama jirani anayegombana uani: husikilizi, unasikia. Kila kioo kilileta picha ileile. Alikuwa yule binti, ndani ya mfuko mkubwa wa pamba.

Asiyelima pamba huenda hajui. Mfuko unaning'inizwa kwenye miti, mtu anaingia ndani, wenzake wanamwaga pamba na yeye anaikanyaga ishuke. Anayeshindilia anaonekana kichwa tu, kinapanda na kushuka, manyoya ya pamba yamejaa kwenye nywele mpaka anafanana na bibi yake. Wote tumelelewa humo. Kwenye video binti alikuwa anashindilia huku anaimba pambio la kwaya, pumzi inamkatika kila anapokanyaga, na wimbo unakatika pamoja nayo. Niwe mkweli tena: ilichekesha. Ningeiona bila yale maneno ningecheka mwenyewe.

Lakini kuna mtu alikuwa ameandika juu yake: BIBI HARUSI YUKO TAYARI, LETENI NG'OMBE.

Maneno hayo yalichoma kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Wageni kutoka Kimali, watu wenye mifugo mingi, walikuwa wamekwenda kwa baba yake kumwulizia. Kijiji kizima kilijua na kilikuwa kimejifanya hakijui.

Jioni vijana walipokuja kuchukua simu zao wakaanza.

"Oya, bibi harusi leo hakuja?"

"Yuko mfukoni, anashuka."

"Mama, umeiona? Ngoja nikuonyeshe."

"Nimeiona mara nyingi kuliko wewe," nikamjibu. "Chukua simu yako uende." Sikuwa na jibu kali zaidi ya hilo. Makali huwa yananijia nikiwa nimeshafunga kibanda.

Siku ya pili yake nikaenda kwao. Nilimkuta uani anachambua pamba, takataka huku, nyeupe huku. Nikakaa nikachambua naye, maana sikujua pa kuanzia.

"Shule je, mwanangu?"

"Nikipita wanaimba, mayu."

"Nani?"

"Wote. Hata watoto wa shule ya msingi. Juzi gulioni mama mmoja ameniuliza ni mimi yule wa kwenye simu, akataka nimwimbie."

"Ukakataa?"

"Nikaimba," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Nilidhani nikiimba ataniacha."

Baba yake alitoka ndani, tukasalimiana, akakaa kwenye jiwe. Akasema, bila furaha na bila hasira, "Wale wa Kimali nao wameiona."

"Wamesemaje?"

"Wameongeza ng'ombe."

Sikujua uso wangu niuweke wapi. Video iliyomfukuza mtoto shuleni ilikuwa imempandisha bei. Wazee wa kule walikuwa wameitazama, wakaona jinsi pamba inavyoshuka, wakasema miguu hiyo ni ya kazi.

Simwandiki baba huyu kama mtu mbaya. Alikuwa amewajibu wageni mara mbili kwamba mtoto anasoma. Lakini aliniambia, "Akiwa shule nina neno la kuwaambia. Akishinda hapa analia, neno hilo limeisha. Na kaka yangu ndiye mkubwa, yeye akikubali mimi nisemeje?"

Kaka yake ni Kamanda. Nilijua basi kinachotakiwa: binti arudi darasani kabla wageni hawajarudi.

Kamati ikakaa. Mkuu wa shule alitaka kutangaza mstarini, kumpata aliyeandika na kumsimamisha masomo. Mwakilishi wa dini alitaka maombi. Kamanda akagonga fimbo chini.

"Ng'ombe akiibwa tunafanyaje?"

Watu wa kwetu hawahitaji kuulizwa mara mbili. Unapigwa mwano, lile yowe la kuitana, kila mwanaume anatoka, na nyayo zinafuatwa. Zikiingia kijijini kwenu, ni kazi yenu kutuonyesha zilipotokea. Mkituonyesha, tunaendelea mbele. Mkishindwa, mmelaza ng'ombe wa wizi, na mnalipa ninyi atakachotaka mwenye mali.

"Video nayo ina nyayo," Kamanda akasema. "Kila aliyenayo ametumiwa na mtu. Atuonyeshe mtu huyo. Huyo naye atuonyeshe wake. Tutafika zizini."

Mkuu wa shule aliinama akafikiri, akasema haoni mahali pengine pa kuanzia. Mimi niliona ni jambo kubwa sana. Niliandika kwenye daftari "leo tumepata akili."

Siku ya kwanza akili yenyewe ilitukimbia. Wazazi walikuja kibandani na watoto wao, kila mmoja afungue simu yake aonyeshe ametumiwa na nani. Wakifungua, video inalia, na waliokuja kwa ajili ya nyayo wanasogea watazame. Wazee ambao hawakuwa na habari wakaipenda. "Rudisha hapo," mmoja akasema, "ona anavyokanyaga! Vijana wa hivi siku hizi wachache." Mwingine akaomba atumiwe. Mpaka saa saba nilikuwa na foleni inayokwenda barabarani, na muuza karanga amehamia.

Nikamvuta Kamanda pembeni. Sipendi kumrekebisha mtu mzima, na sauti ilinitoka ndogo.

"Baba, ng'ombe wa kweli akipita anaacha nyayo tu. Huyu kila anapopita anazaa. Tunavyomfuata ndivyo anavyokuwa kundi."

Akaitazama ile foleni. Kisha akapanda kwenye kreti tupu akatangaza, kwa ile sauti ya mto: kuanzia sasa hakuna kuifungua. Mtu aonyeshe jina la aliyemtumia, basi, halafu aifute mbele ya mayu. Atakayeomba kutumiwa atapigwa faini kwa kosa la kununua nyama ya wizi.

Foleni ilipungua papo hapo. Muuza karanga akarudi kwake.

Nyayo zikaenda vizuri baada ya hapo. Kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mzunguko mmoja ulitoka hadi Bariadi mjini ukarudi, na zote zikakusanyika kwa msichana mmoja, aliyekaa dawati moja na yule binti tangu kidato cha kwanza. Simu yake ilikuwa kwenye kreti langu. Alipoulizwa hakukataa.

"Niliyaandika mimi yale maneno. Nilimtumia mtu mmoja tu, tucheke. Na mwenzangu mwenyewe ningemwonyesha."

"Angecheka?" mkuu wa shule akauliza.

Akafikiri kwa haki kabisa. "Sisi wawili tukiwa peke yetu, angecheka."

Nilimwamini, na bado namwamini. Mkuu wa shule aliona tumefika. Lakini Kamanda hakutikisika. "Video yenyewe umeitoa wapi? Hukuwepo pale kwenye mfuko."

"Kwenye simu ya mama."

Mama yake akaja na khanga yake na hasira zake. Yeye ameipata kwenye grupu la kwaya, na grupu la kwaya si la wahuni, na kama kuna mtu anataka kuingiza kwaya kwenye kesi aseme. Tukamwomba simu. Kwa kuwa ni mimi mdau wa teknolojia, nikaichukua. Nikapandisha ujumbe mmoja mmoja, ratiba za mazoezi, sala za asubuhi, picha za maua. Kisha nikafika.

Sikusoma jina. Niliona dume jeupe.

Nikabaki nimeshika simu. Nilitamani chaji iishe.

"Mayu," Kamanda akasema, "zimeingia kwa nani?"

 Nikamgeuzia kioo. Alikitazama kwa mbali, akakisogeza, akakitazama kwa karibu. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa simu yake, akanipa. "Tafuta na humu. Wewe ndiye unayejua njia."

Nilitafuta. Ilikuwepo. Ameipiga mwenyewe siku alipokwenda kumsaidia mdogo wake, akairusha kwa wanakwaya wenzake, na chini yake ameandika kwa kile kidole: MTOTO WETU. KAZI ANAIJUA NA MUNGU ANAMWIMBIA. Alimsifu. Akasahau, na siku zote hizo hakuwahi kuitazama kwenye simu ya mtu.

Mkuu wa shule alijaribu kumwokoa. "Mzee, wewe hukuandika yale maneno ya bibi harusi."

"Mwalimu, nilipiga mwano mwenyewe. Nimesema nyayo zikiingia kwa mtu aonyeshe zilipotokea." Akageuka polepole akatutazama wote pale kibandani. "Nani anaona zinapotokea kwangu?"

Hakuna aliyeona. Hata muuza karanga, aliyekuwa amerudi, aliangalia chini.

Jumamosi tukakutana darasani, kamati, baba, binti, na yule wa dawati moja na mama yake. Binti alikaa pembeni kwenye dawati la nyuma, kitenge amejifunika mpaka masikioni. Kamanda alisimama mbele yake, si mbele yetu.

"Nilikupiga picha sikukuuliza," akasema. "Nikakupeleka kwa watu sikukuuliza. Mimi niliona nakusifu. Kwa sheria yetu ng'ombe amelala kwangu, na ng'ombe ni wako. Sema unataka nini, nilipe."

Sote tulijua vitu vinavyotakwa hapo: mbuzi, jora la kitambaa, wakati mwingine mtamba.  Hapa ndipo daftari na kichwa vinapogombana. Daftari limeandika kwamba alilia kwanza. Mimi namkumbuka akiwa mkavu kabisa. Naliamini daftari, kwa shida.

"Nataka wale wa Kimali waambiwe hapana," akasema. "Waambiwe na wewe, baba mkubwa. Mpaka nimalize kidato cha nne."

Baba yake akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Kamanda akamwangalia mdogo wake.

"Wewe unasemaje?"

"Kaka, mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

"Na mimi nilikuwa nakusubiri wewe," Kamanda akasema. "Mtoto naye angeendelea kukaa anatusubiri mpaka lini?"

Akatoa simu hapohapo. Nilikuwa nimemfundisha kupiga, sikuwa nimefika kwenye kuzima spika, kwa hiyo darasa zima tulisikia Kimali.

"Mwadila!" Kamanda akasalimu.

"Mwadila, mkubwa. Tunasikia habari njema?"

"Mtoto anasoma."

"Tumesikia ameacha. Na tumeongeza ng'ombe, mdogo wako hakukwambia?"

"Ameniambia. Warudisheni machungani wanenepe."

Yule wa Kimali akashusha sauti. "Mkubwa, kuna kampuni nyingine imeweka bei juu?"

Mkuu wa shule alikohoa kuficha kicheko. Kamanda hakucheka. "Pamba ndiyo yenye mizani mingi. Huyu hana mzani. Na ile video mliyonayo, ifuteni. Aliyewatumia muulizeni kwa nini." Akahangaika kukata simu, nikamsaidia.

Mkuu wa shule akauliza basi huyu mwenzako tumfanyeje, adhabu ipo. Binti akamtazama mwenzake, ambaye alikuwa amekunja kitambaa mpaka kimekuwa kamba.

"Aje ashindilie," akasema. "Mifuko ya kwetu bado."

"Hiyo siwezi kuiandika kama adhabu," mkuu wa shule akasema.

"Usiiandike, mwalimu."

Nilipita njia ile Jumapili baada ya ibada. Nilikuwa na safari yangu, ingawa sikumbuki ya wapi. Mifuko miwili ilikuwa inaning'inia, vichwa viwili vyeupe vinapanda na kushuka kwa zamu, na kwa mbali sikuweza kumjua yupi ni yupi. Walikuwa hawasemeshani. Nisiwapambe: siku ile hawakupatana. Ila wa dawati moja alikuwa ameishiwa pumzi, na binti alimwonyesha kwa mkono akanyage pembeni kwanza, katikati baadaye.

Ile video haikufa. Mpaka leo sidhani kama imekufa, kuna simu mahali fulani inaitunza. Nimejiuliza mara nyingi kama mwano wetu ulisaidia au ulichelewesha, na mkuu wa shule ana maoni yake, na huenda yeye ndiye sahihi.

Lakini Jumatatu nilikuwa nabandika plasta, vijana wamepanga foleni, na katikati ya foleni nikamwona, sare imepigwa pasi, kinyoya cha pamba bado kimenasa nyuma ya sikio. Alipofika mbele akasema, "Mwangaluka, mayu. Sina cha kuweka. Nimepita kusalimia."

Pembeni yake kijana mmoja, aliyetoka kunikabidhi simu, akaanza kuvuta lile pambio, taratibu, na pumzi za kukatika humohumo. Mmoja wawili wakaguna wakisubiri kucheka.

Binti akageuka. "Nani alikutumia?"

Wimbo ukakatika. Kijana akaangalia simu yake iliyokuwa tayari mkononi mwangu, akaangalia barabara, kama mtu anayetafuta fimbo ya Kamanda inatokea upande gani. "Nimefuta," akasema. "Mama shahidi."

Foleni ikaangua kicheko, na safari hii kicheko kilikuwa upande wa binti. Kengele ikalia. Binti akakimbia kama zamani, begi linamgonga mgongoni, na nikamwona anaingia getini.